Same, Kituo cha Sifuri

Karatasi niliyokabidhiwa asubuhi ile ilikuwa na maswali 21. Jina lako, umri wako, kazi yako, mwajiri wako, umeishi hapa tangu lini, umewahi kutiwa hatiani. Mpaka hapo ilikuwa fomu kama fomu nyingine yoyote ya serikali. Kisha ikaja amri: nakili hapa chini, kwa mwandiko wako, kifungu cha katiba ya jimbo la Mississippi utakachoonyeshwa na msajili. Chini yake: eleza maana ya kifungu ulichonakili. Chini yake tena: eleza unavyoelewa wajibu wa raia katika serikali inayofuata katiba.

Ilikuwa Februari 2019. Theluji ilikuwa imelala nje, nami nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja karibu na Boston, Marekani. Siku hiyo vipindi vyote vilisimamishwa. Maprofesa, wanafunzi, makarani wa idara, hata wapishi wa bwalo, walipewa nafasi ya kukaa pamoja toka asubuhi hadi jioni wajifunze habari za ubaguzi wa rangi na namna watu wa kawaida walivyoupinga. Mada zilikuwa nyingi, vyumba vingi, na kila mtu alijichagulia pa kwenda. Mimi nilichagua chumba changu kwa sababu ndogo tu: kwenye ratiba kulikuwa na neno hisabati. Kabla ya kwenda Marekani nilikuwa nimefundisha hisabati miaka minne katika shule ya sekondari huko kwetu Upareni, na nilidhani ningepata la kuandika kwenye kazi ya muhula. Hayo mengine, ya rangi, niliyaona yana wenyewe.

Aliyetupokea alikuwa mama mzee, mweusi, nywele zake fupi nyeupe kama pamba. Alizaliwa Mississippi. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza, maana mwenyewe aliwaruhusu, lakini kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu kulinishinda. Moyoni nilimwita Bibi, na hapa nitamwita hivyo.

Bibi alikaa nyuma ya meza akawa msajili wa wapigakura wa Mississippi wa mwaka 1961; fomu ile ilikuwa ya kuomba kuandikishwa kupiga kura. Katiba ile ya 1890 ina vifungu 285, alisema, na msajili ndiye anayechagua akupe kipi. Kijana Mzungu aliyekaa kushoto kwangu alipewa kifungu cha 30, ambacho ni sentensi moja: hakutakuwa na kifungo kwa ajili ya deni. Mimi nilipewa kifungu kirefu cha kodi na mashirika, sentensi ndani ya sentensi, hata ukifika mwisho umesahau ulikoanzia.

Nilijitahidi. Mimi ni mtu wa mitihani. Nimepita ya darasa la saba, ya kidato cha nne, ya kidato cha sita na ya chuo, na sijawahi kurudia hata mmoja. Nilijaza ukurasa mzima. Bibi alipita akikusanya. Kwa yule kijana, aliyeandika mstari mmoja, alisema, "Umefaulu." Karatasi yangu hakuimaliza hata mstari wa pili. "Umeshindwa."

Nilimwuliza nimekosea wapi.

"Msajili hawajibiki kukueleza. Rudi siku nyingine."

Nilijua ni maigizo. Hata hivyo uso uliniwaka, mikono ikatetemeka kama ya mtoto aliyechapwa bila kosa, na kwa dakika kadhaa sikusikia alichokuwa akisema. Nilipotulia, alikuwa ameshaivua sauti ya msajili na anaeleza yaliyofuata baada ya fomu. Kuanzia 1962 sheria ya jimbo ilitaka jina la kila aliyeomba kuandikishwa lichapishwe kwenye gazeti la mahali pale kwa wiki mbili. Maana yake tajiri wako analisoma, mwenye shamba unalolima analisoma, na wale wanaotembea usiku na bunduki wanalisoma. Kabla ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, katika kila watu weusi 100 wa Mississippi waliostahili kupiga kura, waliokuwa kwenye daftari hawakufika hata saba. Mwaka 1967 walikuwa wanakaribia 60. Watu ni wale wale, shule walizosoma ni zile zile. Kilichobadilika ni mlango.

Lazima niseme nilivyoingia katika chumba kile, maana bila hivyo hayo mengine hayataeleweka. Mjomba wangu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika Marekani. Ameishi kule miaka mingi, anafanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na watoto watatu wa ukoo wetu wamesomeshwa kwa jasho lake. Usiku ule ule wa kwanza, ndani ya gari, aliniambia: "Mama, huku watakuona mweusi tu. Uwe unaongea, wasikie lafudhi yako, wajue umetoka Afrika. Na mambo ya hawa weusi wa huku usijiingize. Wana hasira zao za zamani."

Nilimsikiliza kama mpwa anavyomsikiliza mjomba. Nikawa nikiingia dukani naongea haraka ili lafudhi initangulie. Darasani mjadala ukifika kwenye utumwa au polisi, nilikaa kimya na kujiambia kwamba mimi ni mgeni. Mwenzangu mmoja mweusi, binti wa Georgia, alinialika mara mbili kwenye mikutano yao nikasingizia kazi za chuo. Sikumchukia. Nilichotaka ni kwamba mtu yeyote asidhani mimi na yeye ni kitu kimoja. Ninaandika haya nikiwa na aibu, na najua si mimi peke yangu. Waafrika wengi tunaoenda kule tunapewa maneno hayo hayo na watu wanaotupenda.

Bibi alikuwa na miaka 13 mwaka 1964, kiangazi kile vijana wa vyuo zaidi ya elfu moja, wengi wao Wazungu wa kaskazini, walipoingia Mississippi kusaidia kuandikisha wapigakura. Zilifunguliwa Shule za Uhuru zaidi ya 40, nyingi makanisani. Yeye alisoma katika mojawapo, kwenye chumba cha chini cha kanisa lao. Alisema kilichomshangaza si somo. Kilichomshangaza ni kwamba mwalimu alimwuliza swali kisha akanyamaza, akangoja jibu lake.

Aliyekuwa kiungo kikuu cha kazi ile aliitwa Bob Moses, mtoto wa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, aliyezaliwa 1935, mwalimu wa hisabati. Mwanzoni mwa 1960 aliona magazetini picha za wanafunzi weusi wa Greensboro, mji wa jimbo la North Carolina, waliokaa kwenye meza za duka la Woolworth walikokatazwa kuhudumiwa, wakakataa kuinuka. Hakuweza tena kukaa New York. Mwaka uliofuata alikuwa kusini mwa Mississippi, akisindikiza wakulima mmoja mmoja hadi ofisi ya msajili. Agosti 1961 alipigwa na binamu wa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, akashonwa kichwani, kisha akafanya jambo ambalo mtu mweusi hakuthubutu kulifanya katika wilaya ile: akamshitaki. Baraza la raia waamuzi, wote weupe, lilimwachia mshitakiwa. Mwezi uliofuata Herbert Lee, mkulima mwenye watoto tisa aliyekuwa akiwasaidia kwa gari lake, alipigwa risasi mchana kweupe na mbunge wa jimbo, na mbunge yule hakufungwa hata siku moja. Louis Allen aliona kwa macho yake. Naye aliuawa Januari 1964 nje ya lango la nyumba yake. Februari 1963 gari alimokuwa Moses lilimiminiwa risasi usiku barabarani. Alitoka hai, akaendelea.

Hayo Bibi aliyasimulia polepole, bila kupaza sauti. Halafu akasema, kama mtu anayeongeza la mwisho: "Baadaye alitumiwa wito wa kwenda kupigana Vietnam, na umri wa kuitwa ulikuwa umeshampita. Akaenda Kanada. Mwaka 1969 yeye na mkewe Janet wakahamia Tanzania, akafundisha hesabu mpaka 1976."

Nilinyoosha mkono. Nikasema ninatoka Tanzania.

"Sehemu gani?"

"Kaskazini. Karibu na mlima Kilimanjaro."

Nilikuwa nimezoea kusema hivyo. Jina la kwetu lilikuwa limenisumbua tangu nifike nchi ile, kwa sababu herufi zake nne Mwingereza huzisoma kuwa neno lake la "ileile", na kila nilipojaza mahali nilipozaliwa karani alidhani nimekwepa swali. Nikaliacha, nikashika la mlima ambalo kila mtu analijua.

"Karibu na Kilimanjaro wapi?" Bibi aliniuliza. "Alikuwa katika mji unaoitwa Same."

Alilitamka sawasawa. Sa-me. Kwa miezi sita sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu asiye wa nyumbani.

Nikamwambia ndiko nilikozaliwa.

Chumba kizima kiligeuka. Bibi aliinuka, akaja mpaka kwenye meza yangu, akanishika mikono yote miwili. "Basi wewe ndiye wa kunipa habari," alisema. "Kwenu wanamkumbukaje?"

Ilinibidi nimwambie kweli: jina lile nilikuwa nimelisikia kwa mara ya kwanza dakika ishirini zilizopita. Nimekulia Same, nimefundisha hisabati wilaya ile ile, na mtu aliyefundisha hisabati pale, aliyetoka kwenye damu ile akaja kusimama mbele ya ubao wetu, sikuwahi kuambiwa kwamba alipita. Bibi hakuonyesha kuvunjika moyo. Aliniambia tu, "Sasa unajua," akaendelea kunishika mikono.

Mchana alitupeleka kwenye treni ya chini ya ardhi. Hapo ndipo hisabati ilipoingia.

Moses aliporudi Marekani binti yake mkubwa alikuwa anaitwa Maisha, jina alilopewa Tanzania. Mwaka 1982 Maisha alikuwa darasa la nane huko Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston, na shule yake haikuwa inafundisha aljebra. Baba akaomba aingie darasani amfundishe binti yake pamoja na wenzake wachache. Kutokana na kitendo hicho ukaanzishwa mradi ulioenea shule nyingi za watoto maskini, na Moses mwenyewe akarudi Mississippi, mjini Jackson, kufundisha sekondari. Hoja yake ilikuwa kwamba aljebra imekuwa mlango kama daftari la wapigakura lilivyokuwa mlango. Asiyeipita hafiki kwenye sayansi wala kwenye kazi zenye maana, na wanaozuiwa ni watoto wa wale wale waliozuiwa mwanzo. Zamani walisema wakulima weusi hawataki kupiga kura, ndiyo maana hawajiandikishi. Leo wanasema watoto hawa hawataki hesabu.

Moses aligundua kwamba mtoto akiona namba huwa ana swali moja tu kichwani: ngapi? Embe ngapi, shilingi ngapi. Ukimletea hasi mbili, anatafuta embe hasi mbili, hazioni, anakwama, nawe unamwita mjinga. Anachokosa ni swali la pili: upande gani? Kwa hiyo aliwapandisha watoto treni. Kwanza wasafiri. Wakirudi wachore walichokiona. Kisha wasimulie kwa maneno yao wenyewe, ya nyumbani. Kisha wachambue ndani ya maneno yale yaliyo ya lazima: mlianzia wapi, mmepita vituo vingapi, mlielekea upande gani. Alama za hesabu zije mwisho kabisa, na hata hizo waanze kwa kuzibuni wao.

Tulifanya vivyo hivyo, watu wazima ishirini wenye makoti mazito. Kituo cha Park Street tulikiita sifuri. Kwenda upande wa Harvard kulikuwa hasi, kwenda upande wa South Boston kulikuwa chanya. Tulishuka kituo cha Broadway, chanya tatu, na Bibi akatusimamisha juu barabarani, upepo unakata masikio. Mwaka 1974, alisema, jaji wa shirikisho aliamua kwamba bodi ya shule za Boston ilikuwa imewatenga watoto weusi kwa makusudi, akaamuru watoto wachanganywe kwa mabasi. Yeye alikuwa ameshahamia huku, msichana wa miaka 23, akapata kazi ya kusindikiza watoto ndani ya basi. Septemba ile basi lake lilipanda mtaa huu wa Wazungu likitokea Roxbury, mtaa wa watu weusi. Mawe yalianza kabla hawajafika shuleni. Aliwaambia watoto walale sakafuni, akalala juu ya wawili.

"Mimi nilitoka Mississippi nikidhani nimeondoka," alisema. Kisha akatuuliza: kutoka hapa mpaka Harvard ni vituo vingapi, na upande gani? Tulihesabu. Saba, upande wa hasi. Hakuna aliyekosea. Hakuna aliyesema neno lingine mpaka treni ilipokuja.

Usiku nilimpigia baba simu. Kwangu ilikuwa saa nne usiku, kwao saa kumi na mbili alfajiri, nikasikia jogoo. Baba alisoma pale pale Same miaka ya themanini. Nilimtajia jina. Hakulijua.

"Walimu wa kigeni walikuwapo kabla yetu, tulikuwa tunasikia," alisema. "Taifa halikuwa na walimu wa hesabu wa kutosha, akija mtu tunampokea. Lakini nani alituambia wao walikuwa nani kwao?" Akanyamaza kidogo. "Mtu aliyepigiwa risasi kwao kwa ajili ya kura, akaja kukaa na sisi kwenye jua hili miaka yote hiyo. Na sisi tukasema asante mwalimu, tukaendelea."

Nilitaka kumwambia jambo jingine na sikuweza, kwa hiyo ninaliandika hapa. Nilipokuwa nimelala usiku ule nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha kwanza. Msichana mrefu, mpole, anatembea kutoka mbali, viatu vyake daima vyekundu kwa vumbi. Nilimwita ubaoni nikamwandikia tatu toa tano. Alitazama muda mrefu. Akasema, "Haiwezekani, mwalimu." Darasa lilicheka. Nami, badala ya kumwuliza kwa nini haiwezekani, nilimwambia, "Hesabu hukupewa wewe. Nenda kakae." Alikwenda benchi la nyuma na hakurudi tena mbele. Sikumchapa, sikumtukana, kwa viwango vya wengi nilikuwa mwalimu mwema. Mwaka uliofuata alishindwa mtihani wa taifa wa kidato cha pili, akarudia, halafu sikumwona tena.

Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa kwa mtu mwenye swali moja. Ukiwa na embe tatu, huwezi kutoa tano. Kazi yangu ilikuwa kumpa swali la pili, na badala yake nilimpa kifungu kirefu, nikasoma mstari mmoja wa jibu lake, nikaandika ameshindwa. Asubuhi ile niliwaka uso kwa sababu msajili alinikataa bila kunieleza. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kile miaka minne, na benchi langu la nyuma lilijaa watoto wa watu wa aina moja: wanaotoka mbali, waliosoma shule za msingi zisizo na madawati, wasichana wanaochota maji kabla ya kengele. Hawakutengwa kwa rangi, na sitaki kusema mambo haya mawili ni sawa. Pale Same hakuna aliyeuawa kwa kujibu swali. Ninasema tu kwamba mkono ulioandika niliutambua. Ulikuwa wangu.

Kesho yake nilimtafuta binti wa Georgia nikamwambia kwamba zile kazi za chuo zilikuwa uongo. Alinitazama kidogo. "Nilijua," akasema. Akanipa tarehe ya mkutano mwingine. Nilikwenda, na niliendelea kwenda.

Mei 2020 nilikuwa kwa mjomba, tumefungiwa ndani na korona, video ya Minneapolis ilipotoka. Polisi ana goti shingoni mwa George Floyd kwa zaidi ya dakika tisa. Mjomba aliitazama akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi. Kisha akakaa na kuanza kusimulia, kwa Kipare, jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kulisikia. Alisimamishwa barabarani akitoka kazini alfajiri, akiwa na sare ya kazi. Aliamriwa alale kifudifudi kwenye lami yenye barafu. Alijitahidi kuongea ili lafudhi yake isikike, kama alivyonifundisha mimi. "Nilimwambia natoka Tanzania," alisema. "Nikamwambia mara tatu." Alilaza kikombe upande kwenye meza, chai ikamwagika, hakuinuka kuifuta. Mkewe ndiye aliyeleta kitambaa, naye alikuwa analia.

Nilirudi nyumbani mwisho wa mwaka ule. Wiki ya pili nilikuwa stendi ya Same nangoja gari la Mwanga, nikasikia, "Shikamoo, mwalimu." Alikuwa yeye, mrefu vilevile, mtoto mgongoni, beseni la karanga na tangawizi kichwani. Niliitikia. Tukajuliana hali. Nikashindwa kumwacha aende, nikamwambia kwamba kuna siku nilimtendea vibaya darasani, na kwamba jibu lake lilikuwa na maana, asiyeelewa nilikuwa mimi.

"Ah, mwalimu, yalishapita, mimi nilishasahau," alisema akitabasamu kwa heshima. Halafu, akitengeneza kanga ya mtoto, akauliza: "Lile la tatu toa tano?"

Sasa nafundisha tena kidato cha kwanza. Julai 2021 niliposoma kwamba Bob Moses amefariki, akiwa na miaka 86, niliandika jina lake juu ya ubao nikaliacha wiki nzima, na kila darasa lililoingia lilisikia habari zake kabla ya somo. Hatuna treni ya chini ya ardhi. Tunayo barabara kuu. Nilikwenda na wanafunzi wangu mpaka ukingoni mwake, walimu wawili wakitulinda na malori, tukakaa kwenye kivuli cha mwarobaini tukiangalia mabasi yakija kutoka Dar es Salaam na mengine yakishuka kutoka Arusha. Kila mtoto alikuwa na daftari. Wakachora. Wakasimulia safari zao, za kwenda msibani Hedaru, za kupelekwa hospitali Moshi, za baba anayepakia jasi Makanya. Nikawaambia tuchague pa kuanzia, na hapo tulipo, Same, tupaite sifuri.

Wakaguna. Kwao sifuri ni kushindwa; ni ile inayoandikwa kwa wino mwekundu. Ilibidi tuzungumze muda mrefu kuhusu hilo kabla ya kuendelea, na sikuwaharakisha. Mwisho wakakubali kwamba sifuri ni pale mtu anaposimama kabla hajaondoka. Tukapanga: kaskazini Mwanga moja, Himo mbili, Moshi tatu. Kusini Makanya, Hedaru, Mkomazi. Ngapi, na upande gani. Walibuni alama zao. Kundi moja lilichora mlima kwa upande wa Moshi na mkonge kwa upande wa Mkomazi, na kwa siku mbili hatukutumia alama nyingine ila mlima na mkonge. Ukiwa Mwanga ukarudi vituo vitatu, uko wapi? Hedaru, mkonge mbili. Niliposikia darasa zima likijibu hivyo nilitazama benchi la nyuma, nikakuta halina mtu. Wote walikuwa wamejisogeza mbele.

Siku ya tatu mvulana mmoja, mtoto wa Hedaru anayekaa kwa shangazi yake hapa mjini, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono tangu muhula uanze, alisimama.

"Mwalimu, na mtu wa Hedaru akianzia kwao, Same itakuwa ngapi?"

Darasa lililipuka. Wengine wakasema Same haiwezi kuwa kitu kingine, ni sifuri, tulishakubaliana. Wengine wakasema inategemea nani anasafiri. Msichana mmoja alikuwa tayari amesimama mbele anafuta mstari wetu kwa kiganja. Nikampa yule mvulana chaki, nikaenda kukaa nyuma.